Diski Iliyoitwa Konokono

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya lolote pokea salamu za nyumba nzima, maana ni wewe uliyeniambia kwamba barua isiyouliza hali ni kama mgeni anayeingia bila hodi. U mzima? Chumba ulichopanga kina dirisha, au bado unakaa kwenye kile ulichosema kinanuka rangi? Unakula vizuri, au unashinda na mkate mkavu mbele ya kompyuta kama ulivyokuwa ukifanya hapa mpaka Mama akakuita panya wa kabati?

Sisi hatujambo, ingawa hatujambo yetu ni ile ya kumjibu mtu mlangoni. Mama ni mzima, isipokuwa goti linamlalamikia kila akipanda ngazi za hospitali na matenga ya mashuka. Anasema siku atakayostaafu atalala juu ya mashuka ambayo hakuyafua yeye. Baba naye ni mzima. Bado anachora, bado anachonga penseli kwa wembe, na watu mtaani bado wanamwita Mzee Rula. Ila amezidisha kile kikohozi chake kisicho na ugonjwa, unakijua, kile cha mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Siku hizi anakohoa hivyo mezani, anakohoa bafuni, anakohoa hata akipita karibu na picha yako.

Najua utashangaa kuona karatasi. Tangu uondoke nimekuandikia ujumbe kwenye simu si chini ya mara ishirini, na kila mara nimeufuta. Kupiga ndiyo kabisa, wewe mwenyewe unanijua: nikiulizwa swali kwenye simu nanyamaza mpaka mtu anafikiri mtandao umekatika. Karatasi hainikodolei macho wala haisubiri jibu. Kwa hiyo nimechukua daftari la hesabu, nimekaa kwenye ngazi za nyuma, na leo nitasema. Ila niache nianze mbali kidogo. Nikianza na lenyewe nitachana karatasi.

Unakumbuka Jumatano ile, siku nne kabla hujasafiri, Baba alivyonituma kununua diski. Ulikuwa umemaliza ule mchoro wa maktaba kwenye kompyuta yako, karatasi zote arobaini na moja za Baba zimegeuka jengo ambalo mtu anaweza kulizunguka, kupanda ngazi zake, na kuchungulia kupitia yale madirisha ya chini aliyoyaweka ili watoto waliokaa sakafuni nao waone nje. Kazi ilikuwa nzito mno kutosha kwenye flashi. Baba akasema anitume mimi, kwa sababu maandishi ya kwenye maboksi ni ya lugha ile nyingine, na mimi ndiye msomi wa lugha mbili. Alilisema mbele ya jirani. Alilisema tena mbele ya fundi bomba. Kaka, hujui jinsi sifa inavyoweza kumbana mtu shingo kama kola iliyofungwa kifungo cha juu.

Dukani kwa Fundi Kebo kulikuwa na foleni. Nilizisoma diski tatu kupitia kioo. Moja ilikuwa kubwa na ilitaka umeme wake wenyewe ukutani, nikaiacha. Ya pili waya wake ulikuwa na kichwa chembamba tu, na kompyuta nyingi za ofisini ni za tundu pana, nikaiacha pia. Ya tatu, ile nyeusi, iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba inafanya kazi na kompyuta za aina zote. Nikaridhika. Chini yake palikuwa na mstari wa herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikauruka. Msomi wa lugha mbili, nikasoma herufi kubwa za lugha moja basi.

Fundi Kebo aliniuliza, kwa sauti yake ile ya kuuzia sokoni, kama diski itatumika kwenye kompyuta za aina moja au itazunguka. Akaeleza kwamba diski ni kama daftari linalouzwa bila mistari. Ukilipigia mistari ya kompyuta za aina hii, za aina ile hazitaona kitu, lakini ipo mistari ya tatu ambayo zote zinaisoma. Akasema nikitaka ananifomatia palepale, dakika moja tu. Nyuma yangu alikuwepo kijana wa darasa la juu shuleni kwetu, yule mrefu wa timu ya wavu, na mke wa mwenye duka la vitambaa, na wengine wawili. Wote wananisikiliza. Nikasema najua. Fundi akauliza mara ya pili, ninajua kweli? Kijana mrefu akacheka puani. Nikaitikia kwa kichwa, nikachukua boksi langu, nikatoka karibu kukimbia.

Sikuwa najua, Kaka.

Jumamosi mchana uliniachia kompyuta yako ukaenda kunyolewa. Ulisema niitayarishe diski ili ukirudi unakili tu. Niliichomeka, nikaona inafunguka, lakini kila nikijaribu kuweka faili inakataa. Nikafungua ile sehemu ya kufomati. Ikaniletea orodha ya majina ya herufi na namba, sita au saba, hata moja halikuwa neno la lugha yoyote kati ya mbili ninazozijua. Nilikumbuka Fundi Kebo amesema kuna moja inayosomwa kote. Nilikuwa na simu mfukoni. Ningekupigia kule kinyozi, ungenijibu na sabuni shavuni, ukanitania siku mbili, yangeisha. Badala yake nilichagua la kwanza kwenye orodha, kwa sababu lilikuwa tayari limewekewa alama, nikadhani kompyuta ina akili kuliko mimi. Kisha ikaniomba jina la diski. Hapo tu ndipo nilipojiamini. Nikaandika jina ulilonipa nikiwa na miaka minne, kwa sababu ya kujificha kwangu nyuma ya mlango kila wageni wakija: KONOKONO.

Ulirudi umenyolewa, ukaliona jina, ukacheka. Halafu ukaniuliza kama nimeifomati ya kusomwa kote. Nikaitikia kwa kichwa. Ukanakili, ukafungua faili mbili tatu, zikafunguka. Baba akaja na miwani yake juu ya paji la uso akauliza, imejaribiwa? Wewe ukasema imejaribiwa. Lakini tuliijaribu kwenye kompyuta ileile iliyoifomati. Ni sawa na kuujaribu ufunguo kwenye kitasa ulichochongewa, halafu ukaahidi kwamba utafungua mji mzima.

Hapo ndipo Baba alipotaka kubeba lile bomba lake la karatasi, na wewe ukamwambia aliache, siku hizi mtu akiingia na karatasi begani wanadhani amekuja kupima mapazia. Tulicheka wote, hata yeye. Jumapili ukasafiri na kompyuta yako. Jumanne tukaenda kwenye kamati ya kuchagua mchoro wa maktaba.

Sijawahi kukusimulia yaliyotokea mle ndani, na nadhani Baba alikupa neno moja tu kwenye simu. Alinichukua niwe mikono yake kwenye kompyuta. Alivaa lile koti la kahawia, na rula imechungulia mfukoni. Ofisi ya nje kulikuwa na sekretari, mama mnene mwenye chungu cha maua mezani, na kompyuta yake ilikuwa ya kijivu, aina ileile ya yako. Niliiona. Nataka uijue hii: niliiona kabla hatujaingia.

Ndani walikuwa watu saba, na mwenyekiti wao, mama mmoja mpole wa maneno machache, akatukaribisha. Nikachomeka diski. Ukutani, mbele ya watu saba, kwa herufi za ukubwa wa sahani, yakatokea maandishi ya lugha ile nyingine yakisema diski haisomeki, je, tunataka kuifomati? Baba akanigeukia akaniuliza inasemaje. Nikamwambia inafikiria. Ndiyo, nilisema hivyo, inafikiria. Kijana wa mitambo wa pale akasogea akanyoosha kidole abonyeze kukubali, na kitu pekee nilichofanya siku ile ambacho sikijutii ni kwamba niliichomoa. Ningechelewa kidogo, kazi yote ingefutika.

Walitupa dakika kumi, na nyingine tano. Waliichomeka tena, wakabadilisha waya, wakazima wakawasha. Mmoja akapendekeza ipulizwe, ikapulizwa. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuelewa. Maneno ya Fundi Kebo yalinirudia yote, na mistari yake ya daftari. Hatua kumi na mbili kutoka nilipokaa, nyuma ya mlango, kulikuwa na kompyuta ambayo ingeifungua bila kelele. Ilitosha kusema, tuiombe ile ya sekretari. Nilisema moyoni labda mara hamsini. Nilihisi nikifungua mdomo wote wataniuliza nimejuaje, na nikijibu wataujua ujinga wangu wote tangu dukani. Nikakaa. Baba akajaribu kueleza madirisha kwa mikono, akachora hewani kwa rula yake, mzee wa miaka sitini na moja anachora hewani, na mtu mmoja wa kamati akawa anatazama simu. Mwenyekiti akasema ahsante, mzee. Akaingia mchoraji mwingine, kijana wa viatu vinavyong'aa. Flashi yake ikafunguka mara moja.

Tuliporudi, jioni, wewe ukapiga kuuliza mambo yamekwendaje. Nilikuwa jikoni, simu yake iko kwenye spika, niliwasikia wote wawili. Alikuambia umemvua nguo mbele za watu. Akasema ni wewe uliyemwambia aache karatasi, ni wewe uliyeweka kazi yake kwenye kisanduku bubu, na kwamba mtu akiwa na haraka ya kuondoka kwao hafungi hata mlango. Wewe ukamjibu kwamba labda kosa ni lako, ulinakili haraka haraka, akusamehe. Nilikuwa nimeshika sahani yenye povu. Nilisikia unaomba radhi kwa dhambi yangu, nikaendelea kuosha sahani. Hapo ni miezi saba iliyopita. Ulipiga mara tatu zaidi, hakupokea, ukaacha. Nikikutumia ujumbe wa salamu unaniuliza Mzee anaendeleaje, nami najibu mzima. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwangu haukuwa usufi, Kaka. Kila nikimwona Baba anapita njia ya mzunguko kwenda kazini ili asilione lile jengo, nilijua nimewabebesha watu wawili kitu changu. Maktaba ya yule kijana wa viatu imefika kwenye linta, ule mhimili wa juu ya madirisha. Madirisha yake yako juu. Mtoto aliyekaa sakafuni ataona ukuta.

Sasa nije kwa jambo ambalo nami sikulijua mpaka Alhamisi iliyopita.

Baba amepata kazi ndogo ya kuchora nyumba ya mwalimu mmoja, na mwalimu anataka michoro kwenye diski. Akaniambia tutoke wote tukanunue. Nilitaka kumkatalia, sikuwa na sababu. Dukani kwa Fundi Kebo hapakuwa na watu. Baba akasimama mbele ya kioo, akauliza mwenyewe, bila haya yoyote, moja baada ya nyingine: ina vichwa viwili vya waya, chembamba na kipana? Inahitaji umeme wake? Imefomatiwa kwa aina gani, na je, inaweza kufomatiwa ya kusomwa kote kabla hatujatoka hapa? Nilistaajabu amejifunzia wapi. Fundi Kebo akacheka akamwambia Mzee Rula sasa wewe ni profesa, hii haitakutesa kama ile uliyoniletea mwaka jana, ile ya Konokono. Halafu akanitazama, akakumbuka, akaanza kupanga waya ambazo zilikuwa zimepangika.

Baba alikohoa.

Tulitembea mpaka kwenye kile kiwanda cha matofali. Nikamwambia. Sikumwambia vizuri kama ninavyokuandikia, nilimwambia kama mtu anayetapika, mchoro, foleni, kichwa, sekretari, kila kitu bila mpangilio, na nikalia njiani watu wakinitazama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alikuwa anajua.

Siku tano baada ya kamati aliichukua diski kimyakimya akampelekea Fundi Kebo, akitumaini kuokoa michoro. Fundi akaichomeka kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma aina zote, na kitu cha kwanza kutokea kwenye kioo kikawa jina langu. Akaelezwa kwamba diski haina ugonjwa wowote, imefomatiwa ya aina moja tu, na kwamba binti aliyeinunua aliulizwa akasema anajua. Baba akaelewa yote pale pale dukani, akiwa amesimama.

Nikamuuliza mbona basi hakukupigia. Akasema siku ile alikusudia. Alipofika nyumbani akanikuta nimekaa nyuma ya mlango wa chumba changu, jinsi nilivyokuwa nikikaa utotoni, akaogopa. Akasema akikupigia kukutakasa wewe lazima anitaje mimi. Wewe uko mbali, una mabega, na mtu aliye mbali hasira yake haikai nawe mezani. Mimi yeye ananiona kila asubuhi. Alidhani ningevunjika. Kwa hiyo akauacha mzigo pale ulipokuwa umeangukia, mgongoni kwako. Halafu wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi, na kila siku aliyochelewa ikawa nayo ya kuombewa radhi. Amewahi kulibonyeza jina lako mara mbili akakata kabla simu haijaita. Alisema yote haya akiyaambia matofali, hakunitazama. Nikafahamu kwamba ukonokono wangu sikuuokota barabarani.

Sijui nimkasirikie au nimshike mkono. Alinilinda, ni kweli, lakini alinilinda kwa kukukata wewe, na mimi sikuomba ulinzi wa namna hiyo, ingawa kwa kukaa kimya ni kama niliuomba kila siku. Tangu Alhamisi silali vizuri. Na kuna jambo jingine linalonikereketa. Wewe nawe uliliona jina lile kwenye kioo. Ulijua nani aliifomati, ulinikumbuka nilivyoitikia kwa kichwa. Wewe ni mtu wa kompyuta, diski ikikataa kwenye mashine ya aina nyingine huwezi kukosa kujua kwa nini. Na bado ulisema labda kosa ni lako. Kwa hiyo huenda mlijua wote wawili, mmoja huku na mwingine huko, kila mmoja akaninyamazia mimi, na mimi katikati nikiwanyamazia ninyi. Kama ni hivyo, Kaka, tafadhali usinifanyie tena. Mficha uchi hazai, na sisi tumeufichiana mpaka nyumba imekuwa baridi. Kosa ni langu. Nililifanya dukani, nikalirudia nyumbani, nikalimalizia mbele ya kamati, na kubwa kuliko yote niliendelea kuosha sahani. Nisamehe. Ukihitaji muda wa kukasirika, chukua, nitangoja.

Pamoja na barua hii utakuta diski ndogo kwenye soksi. Ndani yake ni karatasi zote arobaini na moja na jengo lako lote, salama. Tumeifomati pamoja mimi na Baba dukani kwa Fundi Kebo, naye akahamishia humo kila kitu kutoka ile ya zamani. Nimeijaribu palepale dukani, na kwenye kompyuta kuukuu ya maktaba ya shule. Kisha nikaenda kwa dada anayepiga chapa karibu na posta, yeye ana ya kijivu kama yako. Kulikuwa na watu watatu wanasubiri. Nikasema kwa mdomo wangu: samahani dada, naomba kujaribu diski hii kwenye kompyuta yako. Ni maneno tisa, niliyahesabu njiani. Akaichomeka, ikafunguka. Jina la diski sikulibadilisha.

Mama anakusalimu na anauliza kama una blanketi. Hajui ninayoyaandika, nitamwambia leo akirudi. Jirani na fundi bomba pia wanakusalimu, hasa fundi bomba, anasema bado una bisibisi yake.

Baba anajua naandika. Nilimuuliza kama ana neno la kuongeza hapa chini, akachukua kalamu, akakaa nayo muda wa kuchonga penseli tatu, akanirudishia. Ila ameniambia Jumapili baada ya chakula cha mchana ataiweka simu juu ya meza ya kuchorea, karibu na mkono wake, na hatatoka. Piga, Kaka. Akipokea ukamsikia anakohoa tu, hasemi kitu, usikate.

Ni mimi mdogo wako,
Konokono